Fomu ya ICMJE ya kutangaza maslahi: naipa nyota nne

Wale mnaoandika makala za utafiti wa tiba hapa Mombasa mshakutana na fomu hii, ile ya Word ambayo jarida lataka kila mwandishi aijaze aeleze nani alimlipa au kumsaidia, na wengi mwaijaza usiku wa mwisho, "hakuna" toka juu mpaka chini halafu mwairudisha. Kwa timu yetu ya utafiti wa kisukari mimi ndo nazikusanya, nazisoma moja moja, na nataka niisifu kwanza kabla sijasema inapopungua.

Fomu ni bure, yatoka kwa ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyoanzia Vancouver mwaka 1978, na kwa vile majarida mengi yafuata taratibu zao ukishaizoea hubabaiki tena. Ina vipengele 13. Cha kwanza chauliza msaada wote uliopatikana kwa kazi hiyohiyo tangu ilipoanza kupangwa, hakina kikomo cha muda, vingine vyote vyauliza miezi 36 iliyopita: ruzuku, ada za ushauri, pesa za kutoa mada, kutoa ushahidi kotini, safari, hataza (haki za uvumbuzi), hisa, vifaa na zawadi, mpaka mwisho kuna "mengineyo". Kila mahali wataja kampuni kwa jina, halafu wasema pesa ziliingia kwako au kwa taasisi yako, na hapa kwenye taasisi ndo watu hupenda kupita kimyakimya.

Uzuri wake mkubwa ni kuwa haikuulizi kama una mgongano wa maslahi, yaani kama pesa au faida yako yaweza kukuvuta upande, manake ukimuuliza mtu hivyo atakwambia hana, nani atakubali? Yakuuliza vitu. Tuna daktari mmoja kwenye timu, mtu mzima na sote twamheshimu sana, fomu yake ilikuja "hakuna" kila mstari. Tukakaa naye kwa kahawa Makadara nikamsomea kipengele cha 7, kile cha safari, nikamuuliza, Daktari, ile semina ya Diani hoteli alilipa nani? Akafikiri kidogo akasema, "Ni wale wa mashine za kupimia sukari ya damu, lakini mwanangu mimi sikupewa hata shilingi mkononi, ni chumba na chakula tu." Nikamwambia haulizwi kama alihongwa, aulizwa safari aligharamia nani. Akavuta laptopu akaandika jina la kampuni mwenyewe, na alipofika kipengele cha 12, cha vifaa na zawadi, akakumbuka yale maboksi ya vijiti vya kupimia waliyotuletea kliniki, kumbe vijiti vyenyewe ndo tulivyopimia wagonjwa kwenye utafiti, ikabidi vipandishwe kipengele cha 1 na waandishi wengine wote nao waviandike. Hakuna aliyeiba wala kudanganya pale, lakini msomaji ana haki ya kujua, akijua atayapima matokeo yetu kwa macho yake.

Na msidhani ni urasimu tu. Miaka ya 1960 wafanyabiashara wa sukari Marekani, kupitia Sugar Research Foundation, waliwalipa watafiti wa Harvard kama dola 6,500, makala ikatoka jarida la tiba la New England Journal of Medicine mwaka 1967 ikielekeza lawama ya ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari, na msomaji hakuambiwa nani alilipa. Barua zao zilikuja kuanikwa 2016! Karibu miaka 50 watu wasoma bila kujua, na sisi tunaohudumia wagonjwa wa sukari kila kliniki jambo hilo latuuma kikweli.

Sasa nyota niliyoikata. Fomu yasimama juu ya uaminifu wa anayejaza, hakuna mtu upande wa pili anayekwenda kuhakikisha. Marekani kidogo wana afadhali, kuna Open Payments, daftari la serikali lililo wazi kwa kila mtu, waangalia daktari fulani kapokea nini kutoka kampuni gani, na ndo maana 2018 gazeti la New York Times na shirika la habari la ProPublica waliweza kuonyesha kuwa Dkt. José Baselga, mganga mkuu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, hakutaja malipo mengi ya kampuni kwenye makala zake, na akajiuzulu. Msomaji wa kwetu abaki na neno la mwandishi. Kwa hivyo mwenye kukusanya fomu lazima awe na ubavu wa kumuuliza hata mkubwa wake, tena kwa adabu, na si kila timu ina mtu kama huyo.

Kingine, ukiifungua kwa simu jedwali lavurugika, majibu yahamia mstari usio wake, tumieni kompyuta jamani.

Kwa anayeanza, fungua kalenda na imeili zako za miaka mitatu nyuma kabla hujagusa fomu, semina zote zimo humo. Ukiwa na shaka kitu kiandikwe ama kisiandikwe, kiandike, mhariri ataamua mwenyewe. Na mwisho kabisa usisahau kuweka alama pale chini ya kuthibitisha kuwa umejibu yote na hukubadilisha maneno ya fomu, wengi huruka hapo na jarida lairudisha. Ichukueni kwenye tovuti ya ICMJE yenyewe, hizi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp nyingine ni toleo la zamani na maswali yake si haya.