Uzoefu wangu na imeili za domeini yetu zinazoingia Gmail, mwaka mmoja tukiwa Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Wiki hii watu watatu wameniuliza tunafanyaje mpaka tuna imeili za jina la biashara yetu na bado tunazisoma kwenye Gmail ya kawaida, basi naandika yote nisirudie rudie.

Mimi na mdogo wangu tunapika chakula cha semina na vikao, chai ya saa nne na chakula cha mchana, mara nyingi kule Mtumba na kwenye kumbi za mjini. Kazi hii inapita kwenye imeili mwanzo mpaka mwisho, mtu anaomba kotesheni, unatuma profoma, LPO (oda rasmi ya manunuzi) inakuja, mkishapika unatuma ankara na kuanza kufuatilia hela. Miaka yote tulikua na Gmail moja yenye jina la mdogo wangu na mwaka wake wa kuzaliwa. Siku moja afisa manunuzi akaniuliza, "Dada, hii ni kampuni au ni mtu?" Iliniuma mana chakula chetu alishakila mara mbili na alikisifia.

Tukanunua domeini (lile jina linalokaa baada ya @) ya .co.tz kwa wakala wa hapahapa nchini. Hilo lilikua jepesi. Swali likawa imeili zenyewe tuziweke wapi. Google Workspace (Gmail ya kulipia ya biashara) ni nzuri sana ila unalipia kwa dola, kwa kila mtu, kila mwezi, na sisi msimu wa semina ukikata tunaweza kukaa wiki tatu bila oda. Kijana mmoja anayetutengenezea mabango akaniambia dada wewe hauhitaji sanduku jipya, unahitaji eliasi na kufowadi tu. Sikumuelewa mpaka aliponikumbusha S.L.P. ya shule. Tuliosoma zamani tunajua, barua za walimu, za wanafunzi, za mkuu wa shule, zote zilikua zinakuja kwenye sanduku moja la posta, juu zimeandikwa majina tofauti, alafu mtu anazigawa. Eliasi ndio hivyo. Tuna oda@, ankara@, na malalamiko@ (hii niliilazimisha mimi na sijutii), na zote hazina sanduku lake, zinaingia Gmail ambazo tayari tunazo.

Tulichotumia ni Cloudflare Email Routing, huduma ya kupokea imeili za domeini yako na kuzifowadi, na ni bure kabisa, mpaka leo sijalipa hata senti. Unafungua akaunti, unaenda kwa wakala wako wa domeini unabadilisha neimsava (sava zinazotunza rekodi za domeini) zielekee Cloudflare, alafu ukiwasha huduma wanakuwekea rekodi za MX zenyewe, zinakua tatu. MX ndio inayoiambia dunia nzima "barua za domeini hii pelekeni kwenye sava hii". Kila Gmail unayotaka ipokee inatumiwa linki ya kuthibitisha, usipoibonyeza hakuna kitu kitafika. Na MX za zamani uzifute, zisibaki hata moja.

Sasa nisikilizeni kwenye hili mana nilipoteza usiku mzima. Nilipomaliza nikajaribu, nikatuma imeili kutoka Gmail yangu kwenda oda@, ambayo inarudi kwenye Gmail yangu hiyohiyo. Kimya. Natuma tena, kimya. Nikafuta kila kitu nikaanza upya saa sita usiku. Kumbe Gmail ikiona ujumbe uleule ulioutuma wewe umerudi kwako haikuonyeshi nakala ya pili kwenye inboksi, inaona tayari unayo kwenye zilizotumwa. Asubuhi nikamwambia mdogo wangu atume kutoka kwake, ikafika hata chai sijamaliza kumimina. Kwa hiyo jaribu kwa imeili ya mtu mwingine, na uangalie ile logi ya Cloudflare, inakuonyesha kabisa ujumbe umefowadiwa au umekataliwa.

Kupokea kulinipendeza kuliko nilivyotegemea. Mdogo wangu alipojifungua, ankara@ ilikua inaenda kwake, nikaingia nikabadilisha ielekee kwa binti anayetusaidia mahesabu, dakika moja, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua wala kuambiwa aandike imeili mpya. Kabla ya hapo tungepiga simu kwa wahasibu wote wa Dodoma. Alafu nikaanza kutoa eliasi tofauti kwa kila duka na kila sehemu wanapoomba imeili. Kuna sehemu moja nilijisajili kupata intaneti ya ukumbini, nikawapa eliasi yao peke yao, baada ya mwezi matangazo ya mikopo ya chapuchapu yakaanza kuingia kwa anwani hiyohiyo. Nikajua imetoka wapi, nikaizima, na oda@ haikuguswa.

Kasoro zipo. Eliasi moja inaenda Gmail moja tu, nilitaka oda@ ifike kwangu na kwa mdogo wangu pamoja ikashindikana kirahisi, nikatengeneza filta kwenye Gmail yangu inayomfowadia yeye zote zilizoandikwa oda@. Inafanya kazi ila ni kona ya ziada. Ujumbe ukizidi 25 MB hawaupitishi, kwa hiyo mtu akikutumia mapicha makubwa ya ukumbi mwambie atumie linki. Na ile setingi ya kukamata kila kitu, yani hata mtu akikosea akaandika odaa@ inafika, niliiwasha miezi miwili nikaizima, spamu zilikua zinaingia kwa majina ambayo sijawahi kuyaota.

Ila kubwa zaidi ni kujibu. Email Routing inapokea na kusukuma mbele, basi. Haikupi sanduku wala sava ya wewe kujibia kutoka kwenye Gmail. Kwa hiyo mteja anaandika oda@ yetu nzuri, mimi najibu, anaona Gmail yangu ya kawaida badala ya jina la biashara. Nikaenda kwenye setingi za Gmail, sehemu ya akaunti, kuna pa kuongeza anwani nyingine ya kutumia (fanya kwenye brauza ya kompyuta, kwenye programu ya simu haipo, ukishaiweka ndio simu nayo inaanza kukupa uchague). Wanataka sava ya SMTP, yani ile inayobeba barua zinazotoka. Nikafanya kama video moja ilivyoelekeza, nikaweka sava ya Gmail yenyewe na ile paswedi maalum ya programu, kodi ya uthibitisho ikaja kwa njia ya oda@ yenyewe, nikaona nimemaliza. Na kwa vile nilitaka mambo yawe salama nikaweka na rekodi ya DMARC (agizo la barua zisizolingana na domeini zifanyweje) yenye quarantine, yani ziwekwe pembeni, nimeikopi palepale.

Wiki ya pili nikatuma profoma ya semina ya watu 120, siku tatu. Kimya. Nikasema wamepata wa bei chini. Siku ya nne mhasibu akapiga, "Mama, mbona hamjaleta profoma, kesho tunafunga." Nikamwomba atafute kwenye spamu. Ilikua humo tangu Jumatatu. Mikono ilikua inatetemeka, mana hiyo kazi ilikua ni ada za watoto wa nyumba mbili.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na ndio kiini cha haya mambo yote. Sava inayopokea inakagua vitu viwili. SPF ni orodha ya sava zilizoruhusiwa kubeba barua za domeini fulani. DKIM ni kama lakiri kwenye bahasha, muhuri wa domeini iliyotuma. DMARC ndio inauliza, haya, hiyo orodha au huo muhuri ni wa domeini ileile inayosomeka kwenye jina la mtumaji? Yangu ilisomeka domeini yetu ila muhuri ulikua wa gmail.com. Na mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilishaandika kwamba isiyolingana iwekwe pembeni. Waliopokea wametii nilichosema.

Dawa ikawa kutumia huduma ya SMTP inayopiga muhuri wa domeini yetu. Nilichukua Brevo, zamani ikiitwa Sendinblue, bure wanakupa imeili 300 kwa siku, sisi hata 30 hatufiki. Unaongeza rekodi zao kwenye DNS (orodha ya rekodi za domeini yako, kulekule Cloudflare), unarudi Gmail unabadilisha sava iwe yao, poti 587. Alafu tuma ya majaribio kwa mtu mwenye Gmail nyingine, afungue ile sehemu ya kuona ujumbe halisi, asome mistari ya juu. DKIM iandike PASS yenye jina la domeini yako na DMARC iandike PASS. Hapo ndio utume profoma. Na kwenye setingi chagua ijibu kwa anwani ileile iliyoandikiwa, usipochagua siku una haraka utajibu kwa Gmail yako ya kawaida.

Kitu kingine kilichotusumbua, mteja mmoja tovuti yake iko kwenye kampuni ileile ya hostingi (wanaotunza tovuti kwenye sava zao) iliyokua na tovuti yetu, kila akituandikia haifiki, wengine wote zinafika. Hostingi walinizungusha wiki mbili wakisema tatizo ni langu. Kumbe sava yao bado ilikua inaamini imeili zetu zinakaa kwao, ikawa haiendi hata kuangalia MX, inazitupia kwenye kasanduku ka ndani ambako hatujawahi kukafungua. Kwenye cPanel (paneli ya kuendeshea hostingi) kuna setingi ya uelekezaji wa imeili, unabadilisha kutoka ya ndani kwenda ya nje. Tulikuta humo oda mbili za watu.

Kwa jumla Cloudflare nawapa nyota nne kwa tano, moja nimeikata kwa sababu ya kujibu, mana mtu asiye na wa kumuelekeza atakwama palepale nilipokwama mimi. Mkiwa watu kumi ofisini lipieni Workspace tu, kila mtu anapata sanduku lake na eliasi mpaka 30 juu yake.

Na ukishamaliza kuweka vyote, rudi kwa wakala wa domeini uangalie imeili uliyojisajilia pale. Yetu nilikua nimeibadilisha kwa furaha nikaweka ya domeini yetu mpya. Sasa domeini ikiisha muda, taarifa ya kulipia itakuja kwa anwani ambayo imeshazimika. Nimeirudisha kwenye ile Gmail ya zamani ya mdogo wangu, na tarehe nimeiandika kwa kalamu nyekundu ukutani jikoni, juu ya friza.