Duka la khanga Ngamiani lisilomkimbiza mteja

Mimi ndiye ninayetumwa na kina mama wa mtaani kwetu kutafuta sare za shughuli, kwa hiyo maduka ya khanga hapa Tanga nayajua. Hili ninalolisifu liko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba: mlango mwembamba, benchi la mbao nje. Ukiingia, mzee mwenye duka haanzi na bei. Anauliza, "Unampelekea nani?"

Kwingine utasikia, "Mama, zimebaki doti mbili, ukitoka hapo huzikuti." Kwenye magrupu ya WhatsApp ndiyo kabisa, picha inarushwa usiku na ukichelewa kujibu zimekwisha. Mtu akishawekwa roho juu namna hiyo anachagua kwa rangi tu. Hakagui pindo, hasomi jina.

Juzi nilimkuta binti mmoja pale, konda wa gari la Pangani anampigia simu mfululizo. "Babu, nifungie hiyo ya zambarau, ya mkwe wangu." Mzee hakufunga. Aliikunjua doti nzima mezani, akainyoosha kwa kiganja, akapitisha kidole chini ya maandishi na kuyasoma pole pole: "Hasidi hana sababu." Kisha akamtazama. "Mwanangu, hii ndiyo ya kumpa mkweo?" Binti alishika mdomo. Akamwambia konda watangulie, akaketi, na mwisho akaondoka na khanga ya kijani yenye maneno ya dua.

Binti yule si mjinga, wala hana ugomvi na mkwewe. Haraka ndiyo ilimfumba macho, na haimfanyii hivyo mnunuzi wa khanga peke yake. Mwaka 1974 Mmarekani Peter Wright alichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipewa sifa za magari wayapime kama wanunuzi. Waliobanwa na muda walishika sifa chache, na dosari ndizo zilizowakaa zaidi akilini. Nami kwenye khanga naliona hilo hilo: mwenye haraka anaikataa nzuri kwa sababu ya doa moja la wino, au anaibeba mbaya kwa sababu rangi imempendeza.

Kwa mzee huyu utatoa khanga nje uione kwenye jua, maana taa ya dukani hudanganya, hasa nyekundu na chungwa. Atalowesha pembe kwa maji na kuisugua kwenye kitambaa cheupe uone kama inachuja. Vipande vyote viwili atavifungua, ahakikishe jina halijapinda na pindo halijakatika. Mara nyingine nimeondoka bila kununua chochote, na sikununiwa.

Kasoro zipo. Bei inazidi kidogo ya wenzake na hapunguzi hata ukichukua doti nyingi, jambo ambalo kwa kamati ya harusi linauma. Mzigo wake si mkubwa. Sare za watu wengi lazima uagize mapema. Na wateja wakijaa utasubiri sana, kwa sababu kila mmoja anahudumiwa hivyo hivyo.

Malipo kwa simu anapokea. Ijumaa hufunga kabla ya swala na mara nyingi harudi, basi mwenye shughuli Jumamosi aende Alhamisi, asubuhi.