Begi lisiloingia maji: lipi ununue, lipi uliache

Mara nyingi begi likiingiza maji kosa si la kitambaa. Ni la mdomo, au la aliyeufunga. Niliwahi kulala kando ya mto nikafungua begi jipya kabisa na kukuta blanketi limelowa chapachapa. Nilikuwa nimelijaza pomoni, mdomo ukabaki wa kukunjwa mara moja tu. Tangu siku hiyo nautazama mdomo kwanza, mengine baadaye.

Mdomo wa kukunja unafanya kazi hivi: unasukuma hewa itoke, unazilinganisha kingo mbili bila kuacha kunyanzi, unakunja kuelekea chini kwa kukaza angalau mara 3, kisha unazileta ncha mbili pamoja na kuzibana kwa klipu. Mikunjo ndiyo inayozuia maji. Klipu inaizuia tu isifunguke. Ndiyo maana lita zilizoandikwa kwenye begi zisikudanganye: sehemu ya juu inaliwa na mikunjo, na begi la lita 20 ukilifunga inavyotakiwa linabeba kama lita 15 hivi. Ukiona mzigo wako unatosha kwa kubanana, chukua saizi inayofuata.

Sasa, mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa nailoni yenye utando wa TPU (aina ya plastiki inayonyumbuka), ya unene wa kati. Inakunjika vizuri hata kukiwa na baridi, haina uzito wa kukuchosha, na mikunjo yake hukaa ilipowekwa. Inafaa kwenye kayaki, kwenye mtumbwi, ndani ya begi la mgongoni, hata juu ya pikipiki wakati wa mvua. Ubaya wake ni bei, kwani kwa kawaida inazidi ya turubai. Kama utanunua begi moja tu, nunua hili, la lita 10 au 20.

Nafasi ya pili ni turubai la PVC. Hili ndilo begi zito la kung'aa, linalostahimili kuburutwa juu ya mawe na mchanga kwa miaka. Kwa watu wa boti lingekuwa la kwanza, nami sibishani nao. Lakini ni zito, kwenye baridi linakakamaa mpaka kulikunja ni kama kukunja ubao, na likiwa dogo sana mdomo wake mgumu haukai sawa. Lichukue kuanzia lita 20 kwenda juu, lenye mikanda ya mabegani.

Nafasi ya tatu ni nailoni nyepesi, ile unayoweza kuifumbata kiganjani. Wapanda milima wanaipenda, na wana haki. Ila kazi yake ni kukaa ndani ya begi jingine na kulinda nguo dhidi ya mvua na unyevu. Ukiiacha nje ikakwaruzwa na miiba, au ukaitumbukiza mtoni, umeionea. Wengi huwalaumu watengenezaji bure kwa hili.

Nafasi ya nne: mabegi ya zipu isiyopitisha maji. Kufungua ni rahisi, hakuna mikunjo ya kuhangaika nayo, na mpiga picha anayehitaji kamera mara 40 kwa siku atayashukuru. Mimi siyaamini safari ndefu. Chembe chache za mchanga kwenye meno ya zipu zinatosha kuiharibu, inahitaji kupakwa grisi yake kila mara, na ikiharibika porini huna la kufanya. Mdomo wa kukunja hauna cha kuharibika zaidi ya klipu, na hata hiyo ikikatika unafunga kwa kamba.

Vifuko vya plastiki angavu vya simu naviweka mwisho. Vinasaidia dhidi ya manyunyu. Kabla ya kukiamini kimojawapo na simu yako, weka ndani karatasi ya tishu na kijiwe, kizamishe kwenye ndoo nusu saa, halafu utazame tishu.

Nje ya mpangilio kabisa kuna mfuko mzito wa taka. Uweke ndani ya begi la mgongoni, pakia vitu, sokota mdomo na uukunje. Kwa safari moja ya mvua unashinda ile mifuniko ya mvua inayovishwa mabegi kwa nje, maana mfuniko hauzibi upande wa mgongoni, na maji hupita hapohapo.

Kuhusu namba zinazoandikwa kwenye mabegi. 210D na 500D zinahusu uzi: hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa, uzi mnene. Hazisemi lolote kuhusu maji, kwa kuwa maji yanazuiwa na utando. IPX, alama ya kiwango cha kuzuia maji, ndiyo inayohusu maji. IPX6 ni maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka pande zote. IPX7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kitu kilichofaulu 7 si lazima kiwe kimefaulu 6, kwa hiyo anayepigwa na mawimbi atafute vyote viwili.

Dukani ligeuze begi ndani nje. Mshono uliounganishwa kwa joto unaonekana kama ukanda bapa usio na tundu la sindano. Ulioshonwa kisha kubandikwa tepe una matundu chini ya tepe, na siku tepe itakapobanduka utayajua. Kisha lijaze hewa, likunje, libane kwa magoti na uweke shavu karibu na mishono. Hewa ikipita utaisikia.

Badala ya begi moja la lita 60, mimi hununua matatu madogo ya rangi tofauti. Moja likivuja sipotezi kila kitu, na sihitaji kumwaga mzigo wote nje nikitafuta soksi. Rangi za mwanga ni bora: ndani ya begi jeusi huoni kitu.

Begi lililofungwa vizuri huelea mradi uzito wake ni mdogo kuliko wa maji linayoyasukuma, na kila lita ya maji ni kama kilo 1. Lifunge kwenye chombo, usilifunge mwilini mwako, wala usilifanye jaketi la kuokolea maisha. Tena usipakie nguo mbichi pamoja na kavu: linalozuia maji yasiingie linayazuia pia yasitoke, na asubuhi vyote vitakuwa na unyevu.

Ukitoka baharini lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, likauke kivulini likiwa limegeuzwa, ulihifadhi bila kulikunja. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET iweke mbali nalo. Huyeyusha baadhi ya plastiki. Tundu dogo kwenye nailoni ya utando wa TPU linazibwa kwa gundi ya urethani, lakini nailoni yenye utando wa silikoni haishiki gundi yoyote isipokuwa ya silikoni. Na likianza kunata ndani, utando ukabanduka kama ngozi ya kuungua, usihangaike na viraka. Litie viatu vyenye matope.