Saa janja ya mazoezi Nairobi: ya kununua, na ya kuachia kaunta

Malalamiko ya wenye saa janja hufanana. Hatua elfu mbili zimehesabiwa mtu akiwa juu ya bodaboda. Mapigo ya moyo yamesoma 174 kwenye mbio za kujinyoosha tu. Mzunguko wa msitu wa Karura unaojulikana kuwa kilomita kumi umeandikwa tisa kasoro. Betri iliyosifiwa kumaliza wiki mbili imezima siku ya nne. Ukiirudisha dukani unaambiwa "izime uiwashe", na nyumbani mchezo ni ule ule.

Saa hizi tumezipanga kwanza kwa swali moja: saa ikikupa nambari, unaweza kuitegemea? Kisha tukatazama kama inaishika kazi ya kila siku: betri, simu na bei. Uzuri wa kioo na ile "michezo 100" iliyochapishwa kwenye boksi havikupewa alama yoyote.

Nambari hutoka wapi, na huharibikia wapi

Mgongoni mwa saa kuna taa za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu huongezeka chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu huko kupanda na kushuka. Ndiyo maana mkanda uliolegea huharibu kila kitu: mwanga wa nje hupenya, na saa ikirukaruka kila unapokanyaga, mtikisiko wenyewe hufanana na pigo la moyo. Wakimbiaji wengi hukanyaga mara 160 hadi 180 kwa dakika. Kihisi kikishika hatua badala ya moyo, utasoma 172 huku unapiga soga bila kuhema. Mapigo yakilingana na hatua zako kwa dakika, amini pumzi yako, si saa.

Swali la ngozi nyeusi huulizwa sana, na jibu lake si moja. Melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2017, uliopima vifaa saba, ulikuta makosa yakizidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Ule wa Duke wa 2020 haukuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi, ila uliona makosa wakati wa kujongea yakizidi ya kupumzika kwa wastani wa asilimia 30. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba kipimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti dukani hakithibitishi chochote kuhusu mbio. Ongeza baridi ya Julai hapa Nairobi: alfajiri mishipa ya mkono hubana, damu hupungua kwenye ngozi, na dakika kumi za kwanza huwa ubabaishaji hata kwa saa nzuri.

Kalori ndizo mbaya kupita zote. Katika utafiti huo huo wa Stanford, kifaa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na kibovu zaidi asilimia 93. Kwa hiyo chapati ya tatu isihalalishwe na saa.

GPS, inayopima umbali kwa mawimbi ya setilaiti, ina maradhi yake. Kati ya majengo marefu ya Upper Hill na katikati ya jiji, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika mkononi, na njia yako huchorwa ikipita ndani ya benki. Chini ya miti minene ya Karura, kona hukatwa na umbali hupungua. Saa mpya iliyosafirishwa kutoka mbali, au iliyokaa droo wiki kadhaa, haijui setilaiti ziko wapi. Kupakua ratiba nzima ya setilaiti kutoka angani peke yake huchukua dakika 12 na nusu. Ukiiunganisha na simu kabla ya kutoka, hupata taarifa hizo kwa njia ya mkato.

1. Garmin Forerunner 55, au 165 mfuko ukiruhusu

Kwa anayekimbia mara tatu kwa wiki au zaidi, hapa ndipo pesa hulala vizuri. Forerunner 55 ilitoka 2021 kwa bei rasmi ya dola 199.99, na bado haijachakaa kwa kazi yake: betri ya saa 20 GPS ikiwaka, takribani wiki mbili kama saa ya kawaida, uwezo wa maji wa 5 ATM (unatosha kuogelea). Ina vitufe vitano na haina kioo cha kugusa. Wengine huiona ya kizamani, lakini kioo cha kugusa kikilowa jasho au mvua ya Aprili hujibonyeza chenyewe na kusimamisha mbio zako kilomita ya saba. Kitufe hakina tabia hiyo.

Forerunner 165 ya 2024, dola 249.99, inaongeza kioo angavu na kipimo cha kanieneo la hewa. Hicho cha pili ndicho cha kulipia ikiwa unapanda Ngong Hills, kwa sababu 55 hukisia mwinuko kwa GPS tu, na GPS ni hodari wa umbali kuliko wa urefu. Toleo la muziki lina dola 50 zaidi; kama simu huwa mfukoni, liache.

Zote mbili hupokea mkanda wa kifua. Hilo ndilo lililozipa nafasi ya kwanza: siku kihisi cha mkononi kikikuangusha, huhitaji kununua saa nyingine.

Bei za dola ni za mtengenezaji. Nairobi utakuta juu yake ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya duka, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla ya kuanza kuongea bei. Anayekuuzia chini sana ya bei ya mtengenezaji huenda anakuuzia iliyotumika, au isiyo ya mtengenezaji huyo.

2. Mkanda wa kifua Polar H10, pamoja na simu uliyo nayo

Wengi hawaufikirii kwa sababu hauonekani mkononi. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, si mwanga kwenye ngozi, kwa hiyo rangi ya ngozi, chale na baridi ya mkono havina neno hapa. Kwa mazoezi ya kupanda na kushuka kwa kasi, baiskeli ya gym au kuruka kamba, hakuna saa ya mkononi inayoufikia. Betri ni CR2025, ile ya kidonge, na hudumu takribani saa 400 za mazoezi.

Unaharibika kwa uzembe wa aina tatu. Ukiuvaa mkavu, nambari huruka mpaka jasho litoke. Lowesha sehemu za mpira kwa maji kabla ya kufunga. Ukiuacha umebanwa kwenye kihisi chake chenye betri baada ya mazoezi, unyevu hukifanya kiendelee kuwaka na betri huisha; kitoe. Na chumvi ya jasho ikiganda, mkanda hufa polepole, kwa hiyo suuza kila baada ya kutumia.

Usiununue kama unataka hatua, usingizi na kuona ni saa ngapi.

3. Amazfit Bip 6

Ya 2025, bei rasmi dola 79.99. GPS yake mwenyewe, 5 ATM, siku 14 kwa matumizi ya kawaida, kioo kikubwa cha inchi 1.97. Kwa anayetembea, anayekimbia Jumamosi na anayetaka kuona ujumbe bila kutoa simu ndani ya matatu, inatosha na chenji inabaki. Muuzaji akikupa Bip 5 badala yake, jua unapoteza kitu: ile ni IP68, kiwango cha maji yaliyotulia, si cha kuogelea.

Hapa wengi hujichanganya. 5 ATM haimaanishi unaweza kuzama mita 50. Ni kanieneo la maabara, na hutosha kuogelea. Hakuna kati ya viwango hivyo kinachozungumzia maji moto, mvuke wala sabuni. Bafu ya maji moto ndiyo huua mipira ya kuzuia maji.

4. Xiaomi Smart Band 9

Ni bangili zaidi kuliko saa. Betri huahidiwa siku 21, lakini ukiacha kioo kikiwaka muda wote hushuka hadi 9. Hapo ndipo malalamiko mengi ya betri huzaliwa. Haina GPS. Hutegemea ya simu, na simu ikiifunga programu njiani, bangili hukisia umbali kwa hatua. Ndugu yake, Smart Band 9 Pro, ana GPS yake. Kwa usingizi, hatua na mapigo ya kupumzika, bei yake haina mshindani.

5. Apple Watch SE na Samsung Galaxy Watch

Vihisi vizuri, maisha magumu. Apple Watch SE huahidi betri ya saa 18 na haifanyi kazi bila iPhone. Galaxy Watch kuanzia ya 4 hukataa iPhone, na vipimo vya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) na shinikizo la damu huhitaji simu ya Samsung. Shinikizo tena lazima lisawazishwe na mashine ya mkono kila siku 28. Saa inayotaka chaji kila usiku na mtaa ambao stima hupotea bila taarifa haziishi pamoja kwa amani. Tena hung'aa mno, hushawishi wezi, kwa mkono uliotolewa dirishani Mtaa wa Tom Mboya.

Za "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza, zimo kundi hili. Usitoe hata shilingi kabla hujaiunganisha na simu yako pale pale ikakubali. Ikidai akaunti ya mwenye awali, hiyo ni jiwe.

Mwisho kabisa: "Ultra" za Luthuli

Ni nakala za Apple Watch Ultra zinazouzwa mtaa wa Luthuli: kioo kikubwa, taji la rangi ya machungwa, boksi zito, na mikanda saba ya bure. Ishara ya haraka ni programu. Skani msimbo kwenye karatasi ya maelekezo: ukikupeleka FitPro, Hryfine au WearFit Pro, unayoshika si ya kampuni iliyoandikwa juu ya boksi. Garmin hutumia Garmin Connect, Amazfit hutumia Zepp, Xiaomi hutumia Mi Fitness.

Ikidai kupima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi, rudisha kaunta. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kufanya hivyo yenyewe. Mgonjwa wa kisukari akipanga insulini kwa nambari hizo, anahatarisha maisha.

Dakika kumi dukani

Muuzaji atasema "hii ni orijino, boss". Mjibu kwa vipimo. Ilaze saa juu ya kaunta, mgongo ukitazama dari, uanzishe kipimo cha shinikizo la damu. Ikitoa 118 kwa 76 ya meza, kazi imekwisha. (Mapigo ya moyo usiyatumie kwa jaribio hili: hata saa halali inaweza kudanganywa na ndizi.) Kisha ivae upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikaze mpaka isiteleze lakini isiache alama. Hesabu mapigo yako shingoni kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Tofauti ikizidi 5 ukiwa umetulia, shuku. Chuchumaa na kuinuka mara 30. Nambari inapaswa kuanza kupanda ndani ya nusu dakika, si kubaki 78 kama picha.

Toka nje utembee hatua 200 ukihesabu mwenyewe. Kati ya 190 na 210 ni sawa. Saa hupima mtikisiko wa mkono, kwa hiyo kusonga ugali huongeza hatua na kusukuma troli ya supamaketi huzipunguza. Hiyo ni asili yake, si ubovu.

Lipa kwa M-Pesa kwenye till ya duka, si namba ya mtu, na risiti iandikwe nambari ya saa pamoja na siku za kurudisha. Kisha uliza dhamana ni ya mtengenezaji au ya duka. Ya duka huishi kadiri duka linavyoishi, na vibanda vingine huhama kabla ya mvua.

Kabla hujairudisha

Siku za kurudisha hazijaisha, ipeleke kwenye uwanja wa riadha wa mita 400. Simama dakika mbili ikishika setilaiti, kisha kimbia mizunguko kumi kwenye njia ya ndani kabisa. Njia ya nje ina zaidi ya mita 450 na itakudanganya. Kati ya kilomita 3.9 na 4.1, saa ni nzima.

Hatua zisipofika kwenye simu, kosa mara nyingi ni la simu. Tecno, Infinix na Xiaomi hufunga programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa betri. Fungua mipangilio, nenda kwenye programu ya saa, ondoa kizuizi cha betri, ruhusu ijiwashe yenyewe, kisha ifunge kwa kufuli kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Programu ya kusafisha simu nayo iambiwe isiiguse.

Isipochaji, tazama vidoa vya kijani kwenye pini: ni jasho limekula chuma. Futa kwa mswaki mlaini uliochovywa kidogo kwenye spiriti, acha ikauke, tumia chaja ya kawaida ya volti 5. Ikiwa bado inakata na kurudi, hapo sasa beba risiti.