GT au supakaa? Mwongozo wa kununua gari la kifahari la safari ndefu

Mtu anayeingia kwenye soko hili huwa na orodha mbili. Moja ni ya GT, magari ya kifahari ya safari ndefu: Bentley Continental GT, Aston Martin DB12, Ferrari Roma na wenzao. Nyingine ni ya supakaa, magari yaliyoundwa kwa ajili ya kasi: McLaren 750S, Ferrari 296 GTB na Lamborghini yoyote iliyomnyima usingizi. Bei hazipishani sana, na kwenye soko la mitumba hukutana kabisa. Hapo ndipo swali linapokuja: kama fedha ni ileile, si bora nichukue lenye kasi?

Sikushauri. Supakaa huuzwa kwa sekunde tatu za kwanza, ilhali GT utaijua saa ya nne barabarani. Ndiyo maana magari ya hapa chini sikuyapanga kwa nguvu za farasi. Nimeyapanga kwa maswali ya mtu anayeshuka baada ya kilomita 500: mgongo unasemaje, mizigo yote iliingia, na uliyesafiri naye yuko tayari kupanda tena kesho?

Unachokosa ukiacha supakaa

Ni kidogo kuliko unavyodhani. Continental GT Speed ya 2024 ina nguvu za farasi 782, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.2, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 335 kwa saa. McLaren 750S inaimaliza hiyo mia ya kwanza kwa sekunde 2.8, kisha inakomea 332. Yaani gari lenye mbao, zulia zito na viti vinavyokukanda mgongo linaipita McLaren mwishoni kabisa. Barabara ya kawaida haina nafasi ya namba hizo, za huyu wala za yule.

Tofauti ya kweli iko kwenye uzito. 750S ina kilo 1,389. Bentley hiyo ina zaidi ya 2,400. Kona zikifuatana, tani nzima ya ziada haifichiki hata ungeifungia kompyuta ngapi. Tena injini ya supakaa imekaa nyuma ya mabega ya dereva, uzito umekusanyika katikati, kwa hiyo pua inaufuata usukani papo hapo. Kama unakwenda kwenye uwanja wa mbio mara kwa mara, acha kusoma hapa. Chukua 750S au 296 GTB na utafurahi nayo.

Lakini mpangilio huohuo ndio unaoleta karaha siku nyingine zote. Joto na mngurumo viko nyuma ya kichwa chako. Viti vya nyuma hakuna. Kwenye kioo cha kati unaona kifuniko cha injini na kipande cha barabara. Mizigo inakaa mbele, na 750S inakupa lita 150, yaani mabegi mawili laini, na viatu vya ziada utafute pa kuviweka. Halafu kuna kuingia kwenyewe: chasisi ya kaboni ina kingo pana za kuvuka na siti iko chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli, ila methali haikusema ainame kila anaposimama kujaza mafuta mbele za watu.

GT huweka injini mbele lakini huisogeza nyuma ya ekseli, na nyingi hupeleka giaboksi nyuma karibu na difu ili gari lisilemee puani. Wazo hili si geni. Lancia Aurelia B20 GT ya 1951 ilikuwa na V6, yaani injini ya silinda sita, mbele na giaboksi nyuma, na DB12 na Roma za leo zinafuata mpangilio uleule. Katikati wanakaa watu, nyuma yao inakaa mizigo.

1. Bentley Continental GT V8, kizazi cha tatu (2018–2024)

Namba moja yangu ni ya mtumba, na sababu kubwa ni buti. Kizazi cha nne kilipotoka 2024 kilipewa mfumo wa haibridi ya kuchomeka wenye betri ya kWh 25.9, na betri ikawekwa nyuma. Buti likashuka kutoka lita 358 hadi 260. Ni kweli unapata kilomita 81 za umeme mtupu kwa WLTP, kipimo rasmi cha maabara, jambo zuri kwa mwenye chaja nyumbani. Ila hili ni gari la safari, na sehemu waliyoipunguza ndiyo ya mizigo ya safari. Uzito nao ukapanda.

V8 ya kizazi cha tatu ina lita 4.0 na nguvu za farasi 550. Sekunde 4.0 hadi mia, kilomita 318 kwa saa mwishoni, tangi la lita 90. Wanunuzi wengi huikimbilia W12 ya lita 6.0 yenye 635, kwa ajili ya sifa yake na kwa kuwa utengenezaji wake ulikoma 2024. Mimi naiacha. V8 ni nyepesi puani, inageuka kwa hiari zaidi, inanguruma vizuri zaidi, na haina kiu kama ya W12. Anayenunua kwa ajili ya kuweka akiba achukue W12. Anayenunua ili aendeshe atosheke na V8.

Ingia ndani ulitafute jambo moja: skrini inayozunguka. Ni nyongeza ya hiari, kwa hiyo si kila gari linayo. Ukibonyeza kitufe, skrini ya kati inajigeuza. Upande wa pili zinatokea geji tatu za mishale, na upande wa tatu hakuna kitu ila ubao uleule wa dashibodi, uliounganika hata usijue pana skrini. Usiku, njia ikiwa ndefu na unaijua, kuuzima ule mwanga wote na kubaki na mbao ni starehe ambayo hakuna supakaa iliyonipa.

Kasoro zipo. Giaboksi yake ni ya klachi mbili, na kwenye foleni ya kusogea hatua mbili mbili husitasita. Viti vya nyuma vinawatosha watoto, watu wazima kwa safari fupi tu. Na springi zake ni za hewa, kwa hiyo kabla ya kulipa omba gari lilale limeegeshwa mahali tambarare. Asubuhi angalia nafasi kati ya tairi na matagadi pande zote nne. Kona moja ikiwa imezama, kuna mpira au vali inayovuja, na bei ibadilike papo hapo au uondoke.

2. Aston Martin DB12

Msafiri wa peke yake, au wawili wasio na watoto, aipandishe hii iwe namba moja. Ilitoka 2023 ikiwa na V8 ya lita 4.0 kutoka Mercedes-AMG iliyopandishwa hadi nguvu za farasi 680, na inafika kilomita 325 kwa saa. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nane kutoka ZF, si ya klachi mbili. Kwenye karatasi hilo linaonekana kama upungufu. Kwenye foleni na kwenye mlima wa kuegesha ni baraka, maana gari linaondoka taratibu bila kushtuka.

Usichanganye hii na DB11 ya 2016, ingawa kwa mbali zinafanana. DB11 ilikuwa na skrini ya kuazima kutoka kwa Mercedes ya zamani, na hata ilipokuwa mpya ilionekana imechelewa. DB12 ina mfumo wake yenyewe, na walioubuni walikuwa na busara ya kuacha vitufe vya kweli vya hewa, sauti na springi. DB11 ya V12 bado ni gari tamu kwa bei ya mtumba, mradi uvumilie skrini.

Kilichoifanya ishike nafasi ya pili ni buti la lita 262, viti vya nyuma ambavyo ni vya makoti, na ugumu fulani kwenye lami mbovu ambao Bentley haina. Dereva hataujali. Abiria atausema.

3. Ferrari Roma

Hapa ndipo GT inapokaribia supakaa bila kuvuka. V8 ya lita 3.9, nguvu za farasi 620, kilo 1,570. Karibu tani moja chini ya Bentley mpya, na unaihisi kwenye kona ya kwanza. Buti ni lita 272, nalo laongezeka ukilaza mgongo wa kiti cha nyuma.

Tatizo lake liko kwenye vidole. Vitufe vya usukani ni vya kugusa, hata cha kuwashia injini, navyo hukosea: unataka kupandisha sauti, unabadilisha ukurasa wa skrini. Ferrari wenyewe walilisikia hilo, maana Amalfi iliyochukua nafasi yake 2025 imerudisha vitufe vya kubonyeza. Jaribu Roma kwa muda wa kutosha ujue kama utavumilia. Wapo wanaozoea, mimi si mmoja wao.

Kwa upande mwingine, Ferrari hutoa huduma ya ratiba bila malipo kwa miaka 7 tangu gari likiwa jipya, na huduma hiyo inalifuata gari hata likibadilisha mmiliki. Kwa mnunuzi wa mtumba hilo si jambo dogo.

4. Maserati GranTurismo Trofeo

Kama kweli mko wanne, hii ndiyo pekee kwenye orodha inayobeba watu wazima wanne bila kuwasimanga. V6 ya lita 3.0 yenye nguvu za farasi 550 inatoka ukoo mmoja na ya supakaa yao, MC20, inasukuma magurudumu yote manne, na buti ni lita 310. Gia unachagua kwa vitufe vilivyopangwa kati ya skrini mbili, uamuzi ambao sijaelewa ulimfaidi nani. Inashuka thamani upesi, kwa hiyo mwachie mwingine aumie kwanza, wewe uichukue baadaye. Ipo pia Folgore ya umeme mtupu, yenye kasi ya kutisha, lakini kwa gari la safari ndefu ningetaka kwanza nijue chaja za kasi ziko wapi kwenye njia zangu.

5. Porsche 911 Turbo S (kizazi cha 992)

Hii ndiyo inayovuruga mjadala. Toleo la 2020 lina nguvu za farasi 650 na linafika mia kwa sekunde 2.7, mbele ya hiyo McLaren, huku likiwa na viti vidogo vya nyuma na dirisha unaloona kupitia. Halivunjiki ovyo. Nimeliweka la tano kwa sababu matairi yake mapana yanaimba kwenye lami ya kokoto, safari nzima, wimbo mmoja.

Nje ya tano bora: Mercedes-AMG GT 63 ya kizazi cha pili ni nzuri lakini ngumu mno kwa kazi hii. Lexus LC 500, yenye V8 ya lita 5.0 isiyo na turbo, ni ya mtu asiyetaka kujuana na fundi. Buti lake ni dogo na mwendo ni wa wastani kwa kundi hili, lakini itawaka kila asubuhi.

Ukienda kukagua

Kilomita chache zisikulaghai. Gari la aina hii lililokaa tu hukausha sili, huua betri na huzeesha matairi yenye kashata nzuri kabisa. Soma ubavuni mwa tairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Seti nzima ya miaka sita ni ya kubadilisha, hata kama inang'aa.

Breki za kaboni-seramiki zina sifa, lakini kwa safari za kawaida za chuma zinatosha na hazipigi kelele zikiwa baridi. Kama gari tayari linazo, pitisha macho pembeni mwa diski kutafuta vipande vilivyomeguka. Mara nyingi ni fundi aliyeigonga diski kwa ringi wakati wa kutoa gurudumu. Kuchakaa kwake hakuonekani vizuri kwa unene, kwa hiyo apime mwenye kifaa. Diski mpya za aina hiyo zinaweza kuharibu hesabu yako yote.

Mwambie muuzaji mapema asiwashe injini kabla hujafika, kisha gusa boneti kwanza. Ikiwa na joto, uliza kwa nini. Kama umeng'ang'ania supakaa lenye mfumo wa kuinua pua kwa kitufe, inua na ushushe pua mara kadhaa mfululizo. Mfumo huo ukichoka ndio utakaokufungia nje ya kila lango lenye mwinuko.

Halafu beba mabegi yako mwenyewe, yale unayosafiri nayo, uyapakie. Endesha saa nzima, nusu ukiwa dereva na nusu ukiwa abiria, maana kiti cha abiria mara nyingi hakina marekebisho sawa na cha dereva na wauzaji hawalisemi. Muuzaji akikunyima saa hiyo, nenda kwa mwingine. Magari haya si adimu kiasi hicho.