Syncthing kati ya Linux na Windows: mzigo inaubeba vizuri, majina ya mafaili ndiyo mtihani

Syncthing ni programu huria ya bure yenye kazi moja tu: kuhakikisha folda iliyo kwenye kompyuta hii inafanana na ile iliyo kwenye kompyuta ya pili, bila seva ya kuhifadhi mafaili katikati. Ipo tangu 2013. Kwa mchoraji au mhariri wa video anayefanya kazi kwenye Linux nyumbani na kuikamilisha kwenye Windows ya ofisini, ni vigumu kupata kitu cha bure kinachoizidi. Hifadhi za mtandaoni hula bando mara mbili, faili likipanda na likishuka. Syncthing, kompyuta zikiwa kwenye ruta moja, hupitisha kila kitu ndani ya Wi-Fi hiyohiyo na bando haliguswi.

Kwenye Debian na Ubuntu kuisakinisha ni amri mbili: `sudo apt install syncthing`, halafu `systemctl --user enable --now syncthing`. Ukurasa wake unafunguka kwenye kivinjari kwa anwani 127.0.0.1:8384. Upande wa Windows ndiko kwenye kero. Zip ya kawaida huacha dirisha jeusi la amri wazi muda wote, na ukilifunga, usawazishaji umekufa. Afadhali Syncthing Windows Setup, inayoifanya ianze yenyewe bila dirisha. Fayawoli, yaani ulinzi wa Windows unaochuja miunganisho ya mtandao, ikiuliza ruhusa, ikubali kwa mtandao binafsi, kisha hakikisha Windows kweli imeiweka Wi-Fi hiyo kwenye kundi la mitandao binafsi, maana mtandao mpya mara nyingi huuweka kwenye kundi la umma. Milango ya mtandao (port) inayohitajika ni 22000 ya TCP na UDP kwa data, na 21027 ya UDP kwa kompyuta kutafutana.

Kompyuta zisipoonana, Syncthing hailalamiki. Hupitia seva za kupokezana huko intaneti. Data imesimbwa na hakuna anayeisoma njiani, ila mashine mbili zilizo meza moja zinaweza kuwa zinazungumza kupitia bara jingine, kwa gharama ya bando lako. Kama kazi yote inafanyika chini ya paa moja, zima "Enable Relaying" kwenye mipangilio. Ikigoma kuunganisha, utajua mara moja kwamba kuna tatizo, na mara nyingi liko kwenye fayawoli.

Sasa majina. Linux inakubali karibu alama yoyote kwenye jina la faili isipokuwa mkwaju (/). Windows inakataa `< > : " / \ | ? *`, inakataa jina linaloishia na nukta au nafasi, na inakataa majina kama CON, AUX na NUL. Mtu akihifadhi "Bango: Idi.kra" kwenye Linux, faili halitafika Windows. Syncthing haitalibadilisha jina. Italiweka kwenye orodha ya yaliyoshindikana, na folda itabaki inaonyesha haijakamilika hata ikibaki siku nzima. Kabla ya kuunganisha folda ya zamani, ingia ndani yake kwa upande wa Linux na uandike:

`find . -name '*[<>:"\\|?*]*'`

Kila kitakachotokea kwenye orodha, kipe jina jipya kwanza. Herufi kubwa na ndogo nazo zina mambo yake: Linux inaona Nembo.svg na nembo.svg kuwa mafaili mawili, Windows kwa kawaida inaona moja. Syncthing itakataa la pili badala ya kulifuta la kwanza, na hapo inastahili sifa. Chagueni mtindo mmoja, herufi ndogo na kistari, basi.

Jambo linalowauma watu kimyakimya ni saa. Faili likihaririwa pande zote mbili kabla ya kompyuta kuonana, Syncthing huacha toleo lenye muda wa karibuni na kulipa la pili jina lenye maneno "sync-conflict" pamoja na tarehe. Hakuna kinachopotea. Lakini kwenye mashine yenye Linux na Windows pamoja, Linux huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya ndani ya kompyuta na Windows huisoma kama saa ya mahali. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni tofauti ya saa 3. Ukitoka Linux ukaingia Windows bila intaneti ya kuirekebisha saa, kazi ya mchana itaonekana ni ya asubuhi, na toleo jipya ndilo litakalobandikwa jina la mgogoro. Dawa ni `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux, au kuielekeza Windows itumie UTC.

Kasi inategemea pia aina ya faili. Syncthing hukata faili vipande, cha KiB 128 kwa mafaili yasiyozidi MiB 250, na vinavyokua hadi MiB 16 kwa makubwa zaidi, kisha hutuma vilivyobadilika tu. Faili la .kra la Krita, programu ya kuchora, kwa ndani ni zip, kwa hiyo ukigusa tabaka moja, sehemu kubwa ya vipande hubadilika na karibu faili zima husafiri upya. Faili la .blend la Blender, programu ya 3D, likiwa halijabanwa hunufaika zaidi. Mwenye diski yenye nafasi azime ubanaji wa Blender.

Takataka zisipande gari. Kwenye orodha ya mafaili ya kupuuzwa, `.stignore`, weka angalau `*.kra~`, `*-autosave.kra`, `*.blend1`, `.~lock.*#` na `Thumbs.db`. Orodha hiyo yenyewe haisafiri, lazima iandikwe kwenye kila kompyuta.

Kwa kazi ya sanaa, faili kufika si sawa na faili kufunguka. Kama picha ya kufunika umbo kwenye Blender iko D:\ nje ya folda ya mradi, Linux itaonyesha umbo zima likiwa la waridi kali. Weka kila kitu ndani ya folda moja, kisha kwenye menyu ya File, External Data, chagua njia zote ziwe za uhusiano (relative), yaani zihesabiwe kuanzia lilipo faili la mradi. Zitaanza na `//`. Fonti vilevile: Calibri haimo kwenye Linux, ila Carlito ina vipimo vilevile, na Caladea hukaa mahali pa Cambria bila mistari kuhama. Fonti nyingine zozote zitie kwenye folda ya mradi na uzisakinishe pande zote.

Hii si nakala ya akiba. Ukifuta huku, na kule kunafutika. Utunzaji wa matoleo ya zamani huwa umezimwa hadi uuwashe, na kuna kasoro wengi hawaijui: huhifadhi toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka kompyuta nyingine, si lile ulilofanya mwenyewe hapohapo. Kwa hiyo uwashwe pande zote mbili. Utaratibu wa ngazi (Staggered) ndio unaofaa kazi za sanaa: siku ya kwanza hubakiza toleo la kila saa, hadi siku 30 la kila siku, baada ya hapo la kila wiki. Nafasi ya diski inaliwa, hilo lazima ukubali.

Haiwafai watu ambao kompyuta zao haziwaki wakati mmoja, kwa sababu hakuna seva ya kusubiri nayo faili. Wao wanahitaji mashine ndogo ya tatu isiyozimwa, Raspberry Pi kwa mfano. Na kwa mradi wa video wa mamia ya GB, safari ya kwanza usiipitishe kwenye Wi-Fi: nakili kwa diski ya nje ya exFAT (FAT32 haibebi faili la GiB 4 au zaidi), iweke folda mahali pake pande zote, ndipo uiunganishe. Syncthing itakagua, itakuta vipande ni vilevile, na itatuma tofauti tu.