Vya Kununua Kabla ya Kuvuka Mpaka kwa Pikipiki: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Fedha za korosho huanza kuingia mikononi mwa wakulima wetu mwezi Oktoba, minada inapofunguliwa, na hapo ndipo maduka ya spea ya Mtwara, Masasi na Lindi hupata wanunuzi wengi. Anayekusudia kwenda Malawi au Zambia kwa pikipiki ana sababu nzuri ya kuanza ununuzi wake katika kipindi hicho, hata kama hataondoka hadi Juni, kwa kuwa mvua zetu huanza kuelekea Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mwongozo huu unapanga vifaa kwa umuhimu wake, ukichukulia kwamba pikipiki ni ile ambayo wengi wetu tunayo, yaani ya cc 125 au 150 yenye rimu za spoki, na kwamba fedha hazitoshi kununua kila kitu kwa mara moja. Kigezo ni hiki: kifaa ambacho kikiharibika kinaweza kukuangusha au kukulaza porini hununuliwa kwanza, na kile kinachoongeza raha tu husubiri.

Njia ninayoizungumzia ni ya Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako na Mbeya, kisha kuteremka Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu na kuingia Karonga. Sehemu yake kubwa ni lami. Daraja la Umoja kule Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, liko karibu nasi zaidi, lakini ng'ambo yake ni mkoa wa Cabo Delgado, ambao umekumbwa na mapigano tangu Oktoba 2017, na kwa sababu hiyo simshauri mtu anayesafiri kwa matembezi apite huko.

Nafasi ya kwanza: matairi na tyubu

Hapa ndipo fedha nyingi ziende, na hapa ndipo naona wenzetu wakibana matumizi isivyopaswa. Katika aina zinazopatikana, naliweka mbele tairi la mchanganyiko, ambalo katikati lina vitalu vilivyokaribiana kwa ajili ya lami na pembeni lina nafasi pana zaidi kwa ajili ya vumbi na changarawe. Lami yetu haina uhakika wa mwaka mzima: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara katika mkoa wa Lindi, na barabara inapokatwa au kujengwa upya msafiri hupelekwa kwenye njia ya mchepuko, ambako tairi la mistari, yaani la lami, huteleza hata kwenye tope dogo. La pili ni tairi la kawaida la lami, likiwa jipya na lenye uwezo wa kutosha wa mzigo. Linatosha kabisa kwa mtu atakayekwenda kiangazi na asiyepanga kuiacha barabara kuu. La tatu ni lile lenye meno makubwa, ambalo vijana wengi hulipenda kwa sura yake. Kwenye mchanga linafaa, lakini kwenye mamia ya kilomita za lami meno yake huisha haraka, huleta mtetemo mikononi, na hushika vibaya pale breki inapokamatwa ghafla. Tairi lililokwisha kutumika, hata likiuzwa kwa bei ya kuvutia kiasi gani, silipi nafasi yoyote katika safari ya namna hii.

Ukishachagua aina, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi kabla ya kutoa fedha. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za kwetu lina ukubwa wa 3.00-17, na mbele ya ukubwa huo mara nyingi hufuata namba na herufi, kwa mfano 50P. Namba 50 ina maana kwamba tairi limeundwa kubeba hadi kilo 190, na herufi P ina maana kwamba mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 150 kwa saa. Namba 41 ni kilo 145 tu. Ukijumlisha uzito wako, wa mizigo, na ule wa pikipiki yenyewe unaoangukia nyuma, utaona kwamba tofauti hiyo si ndogo. Tafuta pia namba nne zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi lililopita miaka mitano liache, na lililoning'inizwa mbele ya duka likachomwa na jua la pwani liache pia, hata kama namba zake ni nzuri, kwa sababu jua hukausha mpira na kuupasua taratibu. Mwombe muuzaji akutolee la ndani. Akikosa, kuagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi ni jambo la kawaida kwetu, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hatari iliyopo.

Kwa upande wa tyubu, chagua zilizoandikwa butyl, yaani za mpira wa kiwandani, kwa kuwa hushika upepo kwa muda mrefu kuliko za mpira wa asili. Pikipiki ambayo magurudumu yote mawili ni ya inchi 17 ina faida kubwa ambayo hutajwa mara chache: tyubu iliyoandikwa 2.75/3.00-17 huingia mbele na nyuma, kwa hiyo akiba moja inatosha. Mwenye pikipiki ya porini, ambayo kwa kawaida mbele ni inchi 21 na nyuma 18, anapaswa kubeba mbili. Ongeza viraka, solusheni, vyuma viwili vya kufungulia tairi na pampu ya mkono, kisha jifunze kuvitumia nyumbani kwako, kwa sababu kati ya Mangaka na Tunduru hakuna fundi katika kila kilomita.

Nafasi ya pili: cheni, sproketi na breki

Hewa ya chumvi ya Mtwara na Lindi hula chuma kuliko ya bara, na cheni ndiyo hutangulia kuonyesha. Ivute kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na jino kiasi cha kuonekana nusu ya jino hilo, imekwisha. Nunua seti nzima, yaani cheni na sproketi zote mbili, kwa kuwa cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka huisha kabla ya wakati wake. Cheni zenye pete za mpira hudumu zaidi, lakini kwa pikipiki zetu ndogo hazipatikani kwa urahisi, na cheni ya kawaida iliyo imara inatosha ikipakwa mafuta mazito ya giaboksi kila baada ya kilomita 500 hivi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo mafundi wengi huitumia, imebeba vumbi la chuma na huisaga cheni.

Breki shuu za nyuma nunua jozi mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba. Mteremko wa kutoka Uyole kwenda Tukuyu ni mrefu, na ule wa Chiweta, kati ya Karonga na Mzuzu, una kona kali ambazo mtu mwenye mizigo hazipiti salama kwa breki zilizochoka.

Nafasi ya tatu: helmeti na mavazi

Helmeti iwe inayofunika uso mzima na yenye alama ya usalama ya ECE (ya Ulaya) au DOT (ya Marekani). Baada yake nataka kusisitiza jaketi zito, jambo ambalo mtu wa pwani hulipuuza kwa urahisi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi kali. Mikono ikifa ganzi, vidole haviwezi kubana klachi wala breki kwa wakati. Jaketi la ngozi au la turubai nene, glavu zinazofunika hadi kifundo cha mkono, na buti zinazopanda juu ya kifundo cha mguu vitangulie mbele ya sanduku lolote la mizigo. Koti la mvua nalo ni la lazima hata kiangazi, kwa sababu Tukuyu hunyesha pale ambapo kwingine ni kukavu.

Nafasi ya nne: vya kubebea mizigo

Naweka juu mabegi laini ya turubai yanayoning'inizwa pande mbili. Ni mepesi, yanashusha uzito chini, na pikipiki ikianguka hayabani mguu kama sanduku la chuma. Sanduku la plastiki la nyuma linafuata, likitumika kwa nyaraka, simu na dawa tu, kwa sababu uzito mwingi nyuma ya ekseli hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi na usukani kuyumba. Masanduku ya alumini ya pembeni yanapendeza na yanafungwa kwa kufuli, ila yana uzito mkubwa hata yakiwa matupu na yameundwa kwa pikipiki kubwa; kwa cc 150 ninayaweka mwisho. Keria ichomelewe na fundi wetu kwa bomba la chuma cha kawaida, kwani ikivunjika Namtumbo au Mzimba fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga.

Vidogo visivyosahaulika

Oili iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwani ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi iteleze. Waya mmoja wa klachi, plagi na fyuzi vikae chini ya kiti. Dumu imara la petroli la lita tano, ambalo miaka ya nyuma ningeliona mzigo wa bure, sasa naliona la lazima kwa anayekwenda Malawi, ambako uhaba wa fedha za kigeni umesababisha vituo kukosa mafuta mara kwa mara.

Bima nayo ni ununuzi. Kadi ya Njano, yaani bima ya kuvuka mipaka ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), inatambuliwa Malawi, Zambia na Zimbabwe, na Tanzania imo katika mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Hakikisha kadi ya usajili wa pikipiki ina jina lako. Vijana wetu wengi wanaendesha kwa mkataba, na kadi bado iko kwa mwenye chombo. Mtu wa namna hiyo asinunue hata tyubu kabla ya kupata barua ya idhini ya mmiliki, kwa kuwa mpakani ataulizwa.

Usimalize fedha zote kabla ya kuipima pikipiki ikiwa na mizigo yake kamili. Mzunguko wa Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa una vumbi, lami na mpando wa uwanda wa Makonde. Mjini Masasi kagua joto la vitovu vya magurudumu, ulegevu wa cheni, spoki moja moja na bolti za keria, kisha nunua kilichobaki kwa kufuata ulichokiona.